Safi Faye wa Senegal alianzaje kushuti kijijini kwao? Naomba mnisaidie

BintiNewala

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa wote. Mnivumilie maana hii itakuwa ndefu na naiandika usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, nina miaka 26. Toka msimu wa juzi wa korosho nimekuwa nashuti dokumentari ya bibi na babu yangu, yani nyumbani kwetu tu, hakuna mtu aliyenituma wala kunilipa. Nashuti kwa simu, na wikiendi nikibahatika naazima kamera ya rafiki yangu anayepiga picha za harusi. Mpaka sasa nina kama masaa 30. Kuna babu anapulizia salfa alfajiri mpaka vumbi la njano linamfunika humuoni, kuna wazee wamekaa chini ya mwembe wanabishana bei ya mnada, na kuna bibi anabangua. Hapo kwa bibi ndo nimeshuti sana. Anaweka korosho iliyochomwa juu ya jiwe, anagonga mara moja tu, ganda linaachia na punje inatoka nzima, afu anachovya vidole kwenye majivu ili yale mafuta ya ganda yasimuunguze, anachukua nyingine. Ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi na laini kabisa, siku tulipoenda kusajili laini ya simu mashine ya alama za vidole ilimkataa mara nne. Hiyo nayo nimeishuti.

Sasa nikapeleka kazi kwa kaka mmoja anayeediti. Akaniambia haina stori, inabidi iwekwe sauti ya msimulizi, mwanaume mwenye sauti nzito, na muziki wa huzuni, kwa sababu wafadhili wanataka waone shida. Akanitumia mfano wa dakika nne. Nimeona uso wa bibi yangu umepunguzwa mwendo, kinanda kinalia, na sauti inasema mwanamke huyu maskini. Bibi yangu ana mikorosho yake na ndo iliyonisomesha mpaka chuo. Sikulala siku ile.

Kuna dada tulikutana kwenye semina akaniambia kabla hujakata tamaa tafuta habari za Safi Faye, mwanamke wa Senegal, na yeye alikuwa mwalimu wa shule kama wewe, na yeye alienda kushuti ndugu zake wakulima. Nimetafuta, vingi viko kwa Kifaransa na mimi Kifaransa hamna kitu. Nilichopata ni kwamba alizaliwa 1943 na amefariki 2023.

Naomba mwenye kujua anieleze. Alitokaje ualimu mpaka kamera? Hela alipata wapi? Ni kweli filamu yake ilipigwa marufuku kwao? Na kubwa kuliko yote, je, mle ndani alijiweka sauti yake mwenyewe au aliwaacha watu waongee? Nalitaka jibu la hilo la mwisho kuliko yote.

MhaririSinza

Dada yangu kwanza usifute hata klipu moja. Nimeediti miaka kumi na moja hapa Dar na nakwambia hiyo ya mashine kukataa vidole vya bibi peke yake watu wanatafuta miaka hawaipati.

Sasa Safi Faye. Huyu mama nimemsoma sana na filamu zake kadhaa nimeziona, ngoja nikueleze kwa mtiririko wangu.

Alizaliwa Dakar lakini asili ya familia yake ni kijiji cha kabila la Waserer kinaitwa Fad'jal, kusini mwa Dakar. Alisomea ualimu Rufisque akafundisha shule za Dakar miaka kadhaa. Mwaka 1966 Dakar kulikuwa na tamasha kubwa la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, Rais Senghor ndo mwenyeji, Safi akawa mmoja wa wapokeaji wageni, na hapo ndo akakutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa anapiga filamu za kietnografia, yani za maisha na mila za watu, Niger na kwingineko. Rouch akamuweka kwenye filamu yake Petit à petit kama mwigizaji. Kwenye hiyo filamu kuna Mwafrika anatembea Paris anawapima Wafaransa vichwa na kuwauliza maswali ya ajabu ajabu, vilevile walivyozoea kutufanyia sisi. Hakukuwa na skripti ya kukariri, watu walipewa jambo wakaongea wenyewe, na huo mtindo Safi aliondoka nao.

Kutoka hapo akaenda Paris, akasoma etnolojia, yani elimu ya jamii na mila za watu, na wakati huohuo akasoma chuo cha filamu cha Louis Lumière. Fikiria hiyo, mwanamke mweusi, miaka ya sabini mwanzoni, mgeni, darasani na makamera. 1972 akatoa filamu fupi ya dakika kama kumi, La Passante, yeye mwenyewe ndo anatembea barabarani Paris na wanaume wanamtazama. Na hakuiacha shule, akaja kupata udaktari wa etnolojia hapohapo Paris mwaka 1979.

Kwa nini nakueleza habari za etnolojia. Kwa sababu wakati ule kulikuwa na ugomvi mkubwa sana. Mwaka 1965 Ousmane Sembène, mzee wa sinema ya Senegal, alimwambia Rouch ana kwa ana kwamba mnatutazama sisi Waafrika kama wadudu. Maneno mazito na yalikuwa na ukweli wake. Sasa Safi akachukua elimu ileile na kamera ya aina ileile akarudi nayo kijijini kwa babu yake. Hakwenda kuchungulia watu, alikwenda kwao. Anajua nani mjomba wa nani, anajua nani akianza kuongea wengine wananyamaza. Hiyo ndo silaha uliyonayo na wewe, huyo kaka aliyekuwekea kinanda hana.

Filamu iliyotoka huko ndo Kaddu Beykat, 1975, kwa Kiwolofu maana yake sauti ya mkulima. Nyeusi na nyeupe, mkanda wa milimita 16, timu ndogo sana. Hela, Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilichangia, na haikuwa nyingi. Stori yake ni nyembamba kama uzi: kijana anaitwa Ngor anataka kumuoa Coumba, mahari hana kwa sababu mvua imegoma na karanga hazijatoka, anakwenda Dakar kutafuta kazi, Dakar inamnyonya, anarudi. Basi. Kaka yako angesema haina stori. Ila huo uzi ndo unashikilia vitu vyote vingine, mama anatwanga, watu wanalima, watoto, jioni wanaume wanakusanyika chini ya mti na kuongea madeni yao na bei ya karanga. Wanaoonekana ni wanakijiji wenyewe, sio waigizaji. Anawapa jambo, wanalijadili kama wanavyolijadili siku zote. Babu yake mwenyewe yumo, na alifariki siku chache tu baada ya kumaliza kushuti, filamu imetolewa kwa heshima yake.

Na sauti, hapa ndo jibu lako. Sauti yake IMO. Lakini haikai juu ya watu. Filamu nzima ni barua. Anaanza kama mtu anayekuandikia, anakusalimia, anauliza habari zako, anasema yeye hajambo, afu anakueleza yuko kijijini na watu wanaishije. Yani sisi tuliosoma zamani tunaijua kabisa hiyo, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, ama baada ya salamu mimi ni mzima wa afya njema. Ni vilevile! Na mwishoni anafunga barua anasema barua ni yake, mengine yote ni ya ndugu zake wakulima. Nilipofika pale nilisimamisha nikairudia mara tatu. Kwa sentensi moja amegawa mali, hiki changu hiki chao.

Marufuku ni kweli, Senegal ilizuiwa mwanzoni kwa sababu wakulima walikuwa wanaisema serikali waziwazi. Huku nje ikapata tuzo ya Georges Sadoul Ufaransa 1975 na tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka uliofuata.

Nitarudi, kuna kazi ya mtu hapa inanisubiri.

Wanjiru_Kisumu

Asante sana @MhaririSinza, umeeleza vizuri. Mimi naongeza kitu kimoja maana huwa kinanisumbua nikikiona kila mahali. Watu huandika Safi Faye ndiye mwanamke Mwafrika wa kwanza kutengeneza filamu, na hiyo si sawa, na ukiiandika kwa maombi yako ya ufadhili mtu ataikataa.

Kabla yake kulikuwa na Thérèse Sita-Bella wa Cameroon, mwandishi wa habari na rubani pia, alitoa Tam-tam à Paris mwaka wa 1963, dokumentari ya kama nusu saa kuhusu kikundi cha ngoma cha Cameroon kikiwa Paris. Ilionyeshwa Ouagadougou 1969, ule mwaka tamasha la filamu za Afrika ambalo leo tunaliita FESPACO lilipoanza. Halafu kuna Sarah Maldoror, alitoa Sambizanga 1972 kuhusu ukombozi wa Angola, lakini yeye alizaliwa Ufaransa na asili yake ni Guadeloupe. Cha Safi Faye ni kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara ambaye filamu yake ndefu ilisambazwa kibiashara kwa kumbi za sinema. Hilo ni kubwa ya kutosha, halihitaji kuongezwa chumvi. Na wale wengine wawili wakitajwa yeye hapungukiwi na chochote.

Kitu kingine @BintiNewala, kabla uende mbali mpaka Senegal, je umewahi kusikia Flora M'mbugu-Schelling? Huyo ni wenu Tanzania! Alifanya dokumentari ya These Hands mwaka wa 1992, kama dakika 45, wanawake wanaponda mawe pale machimbo ya Kunduchi nje ya Dar, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Nyundo na mawe, na watoto kando yao, na wanaimba wakifanya kazi. Hakuna msimulizi anayekuja kukwambia uhuzunike. Unakaa tu na mikono ile mpaka wewe mwenyewe mkono unaanza kuuma. Mimi niliiona nikiwa chuo na mpaka leo nikipita mahali wanaponda kokoto nasimama. Ukisema umeshuti bibi anabangua, mara moja nikakumbuka hiyo.

Kwa hivyo ukiambiwa haina stori jua kuna watu walishafanya hivyo, tena mmoja ni wa huko kwenu, na filamu zao bado zinaonyeshwa.

MzeeWaUshirika

Salaam wote. Binti marahaba.

Mimi filamu sizijui, ila nimefanya kazi ya ushirika wa mazao miaka 22 huko kusini nikastaafu, na niliposoma hayo ya karanga nikasema hapa nina neno, kwa sababu mtu asipoelewa habari ya karanga Senegal hataelewa kwa nini serikali iliogopa filamu ya wazee wanaoongea chini ya mti.

Senegal ililimishwa karanga na Wafaransa toka karne ya 19, zao moja, ardhi moja, mnunuzi mmoja, na kodi unalipa kwa hela ya karanga hizohizo. Baada ya uhuru Ufaransa iliendelea kununua kwa bei ya juu kidogo kuliko soko la dunia, halafu mwishoni mwa miaka ya sitini huo upendeleo ukaondolewa, na papo hapo ukame wa Sahel ukaingia. Serikali ilikuwa na shirika lake linaitwa ONCAD, lilianzishwa 1966, ndilo lilikopesha mbegu na mbolea na ndilo lilikusanya karanga. Mkulima anakopa mbegu, mvua haiji, deni liko palepale, mwaka unaofuata anakopa tena. Wakulima wengi walifika mahali wakarudi kulima mtama wa kula wakaachana na karanga. ONCAD lilivunjwa 1980 likiwa na madeni makubwa sana.

Kwa hiyo huyu mama alikwenda na kamera katikati ya jambo lenyewe, mwaka 1975, shirika bado lina nguvu. Wazee wale kusema madeni yao mbele ya kamera ilikuwa ni ujasiri, na yeye kuwafanya waseme bila hofu ni ujasiri mwingine.

Sasa binti, wewe una wazee chini ya mwembe wanaongea mnada. Nakuomba kama mzee wako, usiikate hiyo sehemu ukidhani watazamaji hawataelewa. Waache waeleze wenyewe stakabadhi ghalani ni nini, korosho inatoka shambani inakwenda AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, inakwenda ghala kuu, inanadiwa, makato yanatoka, ndipo hela inakuja. Na waache waseme kangomba, mtu ana mgonjwa ndani au ada ya mtoto, hela ya mnada haijaja, anauza kwa bakuli kwa mtu wa pembeni kwa bei ya kutupa. Mimi nilikuwa upande wa wanaokemea kangomba, nilisimama kwenye mikutano nikakemea, lakini mama mwenye mtoto anaumwa usiku nilikuwa sina cha kumjibu. Filamu yako iulize hilo, mimi sikuweza kuliuliza kwenye mkutano.

Ila angalia majina na sura. Mtu akisema aliuza kangomba mwambie kwanza hiyo itaonekana na nani, asije akapata tabu kwa ajili ya picha yako.

BintiNewala

Jamani nimesoma na machozi yananitoka. Asanteni sana. Mzee wangu ushauri wa majina nimeuchukua, na kweli kuna mama mmoja aliniambia mambo ya kangomba akiwa ameshasahau simu inarekodi, kesho nakwenda kwake nimuoneshe na akisema nifute nafuta.

@Wanjiru_Kisumu dada sikuwahi kulisikia jina la Flora maishani mwangu, na nimesoma mpaka chuo hapahapa nchini. Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akiwa binti wakati wa vita ya Msumbiji, kwa hiyo hao wanawake wa Kunduchi wangeweza kuwa wadogo zake. Nitaitafuta kwa udi na uvumba.

Na hiyo ya barua nimekaa nayo toka asubuhi. Mimi nilikuwa naona kuna njia mbili tu, niwe nje kabisa nisisikike au msimulizi awaseme watu juu kwa juu. Sikuwahi kufikiria naweza kuwa mtu anayeandika barua.

Swali lingine kama hamjachoka. Baada ya hiyo ya kwanza aliendelea? Na wanawake je, maana wazee wanaume chini ya mti nimewapata kirahisi, bibi na wenzake ukiwauliza kitu mbele ya kamera wanasema muulize babu yako.

Mtoro_Lyon

Habari za huko nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Ufaransa mwaka wa kumi na tano sasa, na alipofariki Februari 2023 kulikuwa na maonyesho ya filamu zake huku, nikaenda. Nina la kusema kuhusu hayo maswali mawili.

Aliendelea ndio, ila kwa tabu. Mwaka 1979 alitoa Fad'jal, jina la kijiji chenyewe, ya rangi, ndefu karibu saa mbili kasoro, ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Inaanza watoto wako darasani wanakariri kwa Kifaransa kwamba Louis wa 14 alikuwa mfalme mkuu kuliko wote wa Ufaransa. Afu hao hao watoto wanatoka wanakwenda kukaa kwa babu chini ya mti, na babu anaanza kuwahadithia kijiji chao, kwamba kilianzishwa na mwanamke. Watoto wanamuuliza maswali, anawajibu, na kila akijibu filamu inakuonyesha, kilimo, mazishi, kuzaliwa. Mimi nilisoma madarasa ya kukariri vivyo hivyo, kwa hiyo pale mwanzo kifua kilinibana kabisa. Wewe ni mwalimu, hiyo iangalie mara mbili. Na ndani yake kuna jambo zito la ardhi, ile sheria ya 1964 iliyofanya ardhi isiyo na hati kuwa ya taifa, wanakijiji wanaulizana ardhi ya babu zetu imekuwaje leo ni ya serikali.

Kuhusu wanawake, tafuta Selbé, ya mwanzoni mwa miaka ya 80, kama nusu saa tu. Selbé ni mama wa watoto wanane, mume ameenda mjini kutafuta kazi kama wanaume wengi wa pale, na yeye anabeba nyumba nzima. Safi hakumkalisha mama kwenye kiti mbele ya kamera. Anaongea naye huku mama anafanya kazi, maswali ni ya mtu na dada yake, na mikono haisimami hata mara moja. Nadhani hapo ndo siri ya hilo lako la muulize babu yako. Ukimuita bibi aje aongee na kamera atakwambia muulize babu. Ukikaa naye chini ukabangua naye, na kamera umeiegesha pembeni kwenye kinu au ndoo, ataongea mpaka utaishiwa chaji. Wanawake wa kwetu wanaongea mikono ikiwa na kazi, mama yangu habari zote za ukoo nilizipata akiwa anakuna nazi.

Kuna nyingine pia alizifanya nje ya Senegal. Moja ya Berlin ya mwaka 1980, kijana Msenegali mwanafunzi na barua zake na mama yake, unaona barua tena, na nyingine kuhusu migahawa ya vyakula vya wageni Paris. Hizo ukizipata sawa usipozipata usijali.

Ya mwisho kubwa ni Mossane, hiyo ni hadithi ya kubuni, binti mzuri wa miaka 14 aliyeposwa na mtu asiyempenda. Aliishuti 1990 na haikutoka mpaka 1996. Miaka sita! Mgogoro na upande wa mtayarishaji kuhusu haki za filamu, ikawa mambo ya mahakama. Mwanamke ameshashinda tuzo, ana udaktari, na bado anakaa miaka sita anapigania mkanda wake mwenyewe. Nakuambia hili kwa upendo, kabla hujapokea senti ya mtu yeyote hakikisha pameandikwa filamu ni mali ya nani. Na diski yenye masaa yako 30 uwe na nakala ya pili kwenye nyumba nyingine.

Baada ya hapo hakutoa filamu nyingine ndefu. Sikatai kwamba alichoka. Ila ukumbi siku ile ulijaa mabinti weusi wa miaka ishirini ishirini na kitu, wengine hawakupata viti wakakaa kwenye ngazi, na taa zilipowaka hakuna aliyeinuka haraka.

MhaririSinza

Nimerudi. @Mtoro_Lyon umemaliza kila kitu, hilo la mkataba na nakala nataka kila mtu alisome.

Binti, kwa upande wa kazi yenyewe mimi nakushauri hivi. Usianze kuediti. Andika kwanza hiyo barua kwenye karatasi kwa mkono, kwa mtu mmoja unayemjua, rafiki uliyesoma naye akahamia mbali au mdogo wako, mtu halisi. Ukurasa mmoja na nusu usizidi. Uirekodi kwa sauti yako ya kawaida, chumbani, funika kichwa na blanketi ili ukuta usirudishe mwangwi, simu inatosha. Afu ndo tutafute picha zinazoifuata, na pale ambapo mtu kwenye picha anaongea, wewe unanyamaza kabisa. Muziki sahau. Gonga gonga ya bibi kwenye jiwe ndo muziki wako.

Kibali cha kushuti usikiache, anza na ofisa utamaduni wa wilaya atakuelekeza. Na klipu zote zipe majina kwa tarehe na mtu, utanishukuru.

Ukimaliza kupanga nitumie masaa matano tu uliyoyachagua wewe. Nitaediti jioni baada ya kazi zangu, hela sitaki, jina langu liweke mwisho kwa herufi ndogo.

BintiNewala

Kaka yangu sijui niseme nini, Mungu akuzidishie. Nakubali.

Leo jioni nimefanya alivyosema @Mtoro_Lyon. Nimeegesha simu kwenye kinu, nikachukua jiwe langu nikakaa karibu na bibi nikaanza kubangua naye. Nimevunja punje nyingi sana na kidole kimeungua, bibi akanivuta mkono akautia kwenye majivu, afu bila hata kuulizwa akaanza kunihadithia mwaka aliopanda mkorosho wa kwanza na nani alimkatalia asipande kwa sababu ni mwanamke. Dakika 41. Babu alikuwa ndani anasikiliza redio.

Barua namuandikia mdogo wangu, yuko Muscat anafanya kazi za ndani, hajarudi miaka mitatu na kila akipiga simu swali la kwanza ni bibi anaendeleaje. Nimeandika mistari mitano tu nikaishia hapo kwenye salamu.

Mwenye maiki ndogo ya kubandika nguoni anaweza kuniazima mwezi mmoja? Niko tayari kuacha dhamana. Upepo wa huku juu asubuhi unakula sauti ya babu yote.